Uliza Shangazi: Ziwa limefungwa, kadi za harusi bado zinakuja

Meseji za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja ila kila mtu anakiuliza kivyake, hela haitoshi na macho ya watu hayapungui, nifanyeje. Nimechagua nne. Majina nimeyatoa, mitaa nimeiacha kama mlivyoandika.

Shangazi shikamoo. Mimi nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nanunua mwaloni naanika nauzia wanaopeleka Dar. Mume wangu mvuvi. Sasa unajua Ziwa Tanganyika likifungwa watu wasivue ile miezi mitatu sisi wote wawili tunakaa, yeye hana pa kwenda usiku na mimi sina cha kuanika. Hapo hapo shemeji yangu anaoa, kadi imekuja laki moja dabo, sare ya mawifi elfu arobaini na tano na kushona juu yako, na kwenye grupu la WhatsApp kila jioni wanaposti listi, aliyetoa anawekewa tiki ambaye hajatoa jina linakaa hivi hivi peupe. Nyumbani unga wa muhogo tunapima, bati la jikoni linavuja, mtoto wa darasa la nne anadaiwa mchango wa chakula shuleni. Nikakopa laki na nusu kwa hawa wakopeshaji wa mtaani, kausha damu, nikalipa kadi na sare. Mtoto bado anadaiwa. Usiku silali najiuliza hivi mimi nina akili kweli? Jirani yangu mwalimu kaniambia binadamu anatakiwa aanze na chakula na malazi ndo aje kwenye mambo ya heshima, mimi nimeanzia juu. Ni kweli nimekosea mpangilio?
*Mama Dagaa, Kibirizi*

Marahaba mwanangu. Akili unazo.

Tuanze na mwalimu, simlaumu, wote waliopita chuo cha ualimu wamechorewa ile pembetatu ubaoni, chini kabisa chakula na maji na usingizi, juu yake usalama, halafu kupendwa na kuwa na watu, halafu kuheshimiwa, kileleni mtu kufikia kile anachoweza kuwa. Mwenye hiyo nadharia ni Abraham Maslow, Mmarekani, aliiandika 1943. Ila kwenye makala yake pembetatu haimo, waliichora wengine baadae, na mwenyewe alisema kabisa huo mpangilio haujapigwa msumari, kuna watu kwao heshima inatangulia hata kupendwa. Na hakusema kwamba mtu anasubiri ashibe mia kwa mia ndo atamani kingine. Alitoa mpaka namba, za kukadiria tu, kwamba mtu wa kawaida pengine katimiziwa asilimia 85 kwenye mahitaji ya mwili, 70 kwenye usalama, 50 kwenye mapenzi, 40 kwenye heshima na 10 tu kule juu. Maana yake yote yanakudai kwa wakati mmoja, na linalopiga kelele zaidi siku hiyo ndo linalipwa.

Sasa mimi naongezea la kwangu, maana Maslow hakuwahi kukaa Kigoma. Ukifiwa leo, Mungu apishe mbali, turubai nani analeta? Gari la kupeleka mwili Kasulu nani anachangia mafuta? Wale wanaokuja kulala kwako siku tatu na sufuria zao na kuni zao ni kina nani kama sio hao hao wa kwenye listi? Mvuvi hana mshahara, wengi hawana bima ya maana, hana chochote cha kumshika siku mtumbwi ukipigwa na upepo zaidi ya watu. Kwahiyo unavyomchangia shemeji hununui sifa peke yake, unalipia nafasi yako kwa watu, na hiyo kwangu mimi inakaa kule chini kabisa pamoja na chakula. Mwalimu anaipandisha ghorofani kwa sababu yeye tarehe zikifika mshahara unaingia ziwa limefungwa lisifungwe.

Na sio sisi tu, usione aibu. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, hawa waliopata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na mwenzao Michael Kremer, waliangalia matumizi ya watu maskini wa nchi nyingi, na kule Udaipur nchini India wakakuta familia za hali ya chini kabisa, ambazo chakula chenyewe hakitoshi, zinatoa kama sehemu moja ya kumi ya matumizi ya mwaka kwenye sherehe na sikukuu. Wangeweza kula zaidi. Hawakula zaidi.

Lakini hapo usinishangilie haraka, maana kadi na sare ni vitu viwili tofauti. Kadi ya shemeji yako wa damu ya mumeo hiyo toa, ingawa nitakuuliza kwanini dabo, mumeo na wewe wote mna lazima ya kukaa ukumbini? Singo ingetosha akaenda yeye, wewe ukaenda kupika, na wapishi ndo wanaokumbukwa. Sare sasa. Mwanangu niambie mtu mmoja tu aliyekataa kuja msibani kwa sababu marehemu hakuvaa kitenge cha kundi. Sare ni macho ya watu wa ukumbini siku moja, wengine hata hamjuani, na picha inakaa stetasi saa ishirini na nne inafutika. Hapo umekopa kwa ajili ya macho ambayo hayatakuja kukushika mkono siku ukianguka, na hilo ndo naona kosa lako, sio mpangilio. Wale watakaokuja kukubeba walipe. Wanaotazama tu waache watazame.

Najua utasema Shangazi kusema rahisi. Kweli sio rahisi na iko sababu. Mwaka 1951 kuna mtu anaitwa Solomon Asch alikusanya vijana wa chuo Marekani akawaonyesha mistari wataje upi unalingana na upi, jambo ambalo hata mtoto wako wa darasa la nne hakosei. Ila chumbani wote walikuwa wamepangwa waseme jibu la uongo isipokuwa mmoja ambaye hajui kitu. Watatu kati ya wanne, angalau mara moja walifuata uongo wa kundi na macho yao yanaona. Mstari tu jamani, hakuna wifi pale, hakuna mama mkwe! Wewe una mama mkwe ndani ya grupu na listi inapostiwa kila jioni, ungefanya nini.

Ninachokipenda kwenye ile kazi ya Asch ni kilichofuata. Alipoweka mtu mmoja tu chumbani anayesema jibu la kweli, wale waliokuwa wanafuata uongo wakapungua sana. Na alipowaruhusu waandike jibu pembeni badala ya kulitamka mbele za watu, wakapungua pia. Sasa hilo lifanyie kazi. Kabla ya harusi ijayo, na itakuwepo, tafuta wifi mmoja ambaye na yeye analia kimoyomoyo, na hakosekani, mkubaliane mapema kwamba sare mtavaa kitenge mlichonacho cha rangi inayoendana, mkitokea wawili, yule wa tatu atawashukuru. Na ahadi yako usiiandike kwenye grupu, mfuate mwekahazina inboksi, mwambie nitatoa elfu thelathini tarehe fulani, niandikie hiyo hiyo. Kamati zinapenda elfu thelathini inayokuja kuliko laki inayozungushwa.

Kuhusu mkopo. Umekopa katikati ya miezi ambayo mna hela kidogo kuliko miezi yote ya mwaka, na kichwa cha mtu mwenye ukata hakiko huru. Walipimwa wakulima wa miwa 464 huko Tamil Nadu, India, utafiti ukatoka 2013, mkulima yule yule alipimwa kabla ya kuvuna akiwa hana kitu na baada ya kuvuna akiwa na hela, maswali ya kufikiri ya namna ile ile. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi. Hakuwa mjinga wa Mei akawa mwerevu wa Agosti, kichwa kilikuwa kimejaa madeni tu. Kwahiyo maamuzi ya michango msiyafanye ziwa likiwa limefungwa. Tangu 2024 walipofunga kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, mnajua kabisa mwaka unaweza kuja na miezi ya aina hiyo, na kila mwezi mnajua mbalamwezi ikiwaka hakuna kwenda majini. Basi hela ya giza ikiingia kaeni wewe na mumeo mseme mwaka huu michango ni kiasi hiki, kiwekeni kikoba, kikiisha kimeisha, na jibu liwe linajulikana kabla kadi haijagonga mlango.

Huyo aliyekukopesha mwombe akuonyeshe leseni na mkataba, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka anayefanya hiyo biashara awe na leseni, asiye nayo huwa anaanza kuongea kwa adabu ukilitaja. Usikope kwingine kumlipa yeye. Kitenge cha sare kiuze, kuna mtu hakupata. Halafu kesho asubuhi nenda shuleni mwenyewe kwa miguu yako, usimtume mtoto, ongea na mwalimu mkuu mkubaliane ulipe kidogo kidogo, uliza pia kama wanapokea unga au dagaa badala ya hela. Mtoto asikae anaangalia wenzake wanakula.

Shangazi shikamoo, niaje. Mi kijana wa miaka 23 naendesha boda kijiwe cha Mwanga, pikipiki ya bosi napeleka hesabu kila siku. Nimechukua iPhone used ya mkopo nalipa kila wiki. Geto langu Gungu sina godoro nalala kwenye mkeka na shuka, mwaka wa pili huu. Maza kijijini Kasulu ananiomba hela ya mbolea namwambia subiri. Washkaji zangu wote kijiweni wana simu kali, nikitoa kitochi wananicheka. Demu wangu nae. Swali langu, je mimi ni mshamba wa maisha au ndo ujana?
*Boda, Mwanga*

Marahaba. Niaje na shikamoo kwenye sentensi moja, haya tumepokea.

Ujana kidogo, ila sio wewe peke yako. Leon Festinger aliandika 1954 kwamba binadamu akikosa kipimo cha kujipimia anajipima kwa watu, na sio watu wowote, ni wale wanaofanana nae. Ndo maana mwenye maghorofa akipita na gari lake haikuumi hata kidogo, ila mshkaji wa kijiwe kile kile, hesabu ile ile, akitoa simu yenye kamera tatu unakosa raha siku nzima. Unashindana na watu wanne.

Kingine ambacho nakiona kwenye barua yako hujakisema. Simu inaonekana, godoro halionekani. Hakuna mtu kijiweni anajua unalala kwenye mkeka, sasa mimi na wasomaji wote ndo tunajua, kwahiyo mkeka haukudai kelele, unakudai mgongo. Na mgongo wenyewe unabeba abiria. Dereva aliyelala vibaya miaka miwili akiteremka ule mteremko wa kwenda stesheni na mama na mtoto nyuma, mimi hilo linanitisha kuliko iPhone yako.

Sikwambii urudishe simu, ushalipa wiki kadhaa ukiacha unapoteza. Maliza. Ila wiki ya kwanza baada ya kumaliza, kile kiasi ulichozoea kutoa kila wiki endelea kukitoa, ushazoea kuishi bila hicho, wiki chache za mwanzo ni godoro, zinazofuata ni mbolea ya maza kabla mvua hazijaanza, maana mbolea ikichelewa haina maana tena. Na mtumie maza hata elfu tano leo na umpigie, sio meseji. Demu akikuacha kwa ajili ya kitochi nitumie taarifa nitacheka nae mwenyewe.

Habari Shangazi. Mimi ni mtu mzima nina familia naishi Ujiji. Nilikuwa mtunza stoo kwenye biashara ya mtu, kazi imeisha tangu mwezi wa pili. Nyumbani sijasema. Kila siku natoka saa moja asubuhi nimevaa vizuri, naenda kukaa karibu na bandari au stesheni mpaka jioni narudi. Mchana sili, najibana. Hela niliyokuwa nimeweka ndo naitoa kidogo kidogo kama mshahara, itaisha mwezi ujao. Mke wangu anauza mawese sokoni, kibiashara anajitahidi. Nimekuwa mkali kwa watoto kwa vitu vya kijinga, juzi nimempiga mdogo kwa kumwaga chai. Mwanaume unaanzaje kusema nyumbani kwamba huna kitu?
*Baba wa watatu, Ujiji*

Salama ndugu yangu, na asante kwa kuandika, najua hiyo meseji haikuandikwa mara moja.

Kabla ya mke wako tuongee chakula cha mchana. Kati ya Novemba 1944 na mwisho wa 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 walijitolea kulishwa nusu ya kawaida kwa miezi sita ili madaktari wajue watawasaidiaje watu walioathirika na njaa ya vita. Walikuwa vijana wenye afya na moyo wa kujitolea, wapole, waliokataa kushika bunduki. Baada ya muda wakawa wakali kwa vitu vidogo, wakajitenga, wakaacha kutaniana, hamu ya wanawake ikaisha, mawazo yote yakawa chakula, wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Sisemi wewe uko pale, usiku unakula. Lakini mtu anayekaa tangu saa moja asubuhi mpaka jioni na njaa na siri, halafu anafika nyumbani chai inamwagika, mimi sishangai. Huyo mtoto muombe msamaha, watoto wanaelewa kuliko tunavyodhani, na kuanzia kesho kula mchana hata muhogo wa kuchoma na dagaa. Hiyo sio anasa, hiyo ndo inakupa subira ya mambo mengine.

Sasa mke. Nataka nikwambie kitu hutakipenda, mtu anayeuza mawese sokoni kila siku anajua nani kafunga stoo, nani kapunguza watu. Yule anasikia habari za mji mzima kabla ya saa nne. Inawezekana kabisa anajua na anakusubiri useme, na kila jioni ukivua viatu na kusema leo kazi ilikuwa nyingi na yeye anameza. Mnafichana wote wawili kitu kile kile kwa kulindana.

Umeuliza unaanzaje. Usianze mbele ya watoto wala ndugu, wala usisubiri hela iishe kabisa, ukisema ukiwa na akiba ya wiki tatu mnapanga, ukisema ukiwa na sifuri mnagombana. Sema hivi, kazi iliisha mwezi wa pili, niliona aibu, hii hapa hela iliyobaki. Kisha nyamaza. Atakasirika kwa miezi uliyoficha, na ana haki, mwache akasirike. Baadae mwombe akuonyeshe hesabu za mawese. Umekuwa mtunza stoo, unajua kuhesabu mzigo, unajua kipi kinaharibika kipi kinakaa, biashara ya mafuta inahitaji mtu wa kwenda vijijini kununua kwa madebe wakati wa mavuno na kuhifadhi mpaka bei ipande, na yeye peke yake hawezi kuwa sokoni na njiani kwa wakati mmoja.

Utaniambia watu wa Ujiji watasema anafanya kazi kwa mke wake. Watasema, ndio. Wiki mbili hivi, mpaka wapate la mwingine.

Na kama hata baada ya kusema bado usingizi hauji, bado unaona hakuna faida ya kuamka, nenda Maweni pale hospitali ya mkoa uombe kuonana na daktari, mwambie hivyo hivyo ulivyoniandikia. Hilo ni tatizo la kutibiwa kama malaria, na nenda na mkeo.

Shangazi, swali fupi. Nikijitoa kwenye magrupu yote ya michango, ninayo tisa, nitapona?
*Nimechoka, Buzebazeba*

Tisa! Hutapona, utaumia upya. Wataalamu wa Marekani 2003 waliwachezesha watu mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira huku wanawapiga picha za ubongo, wenzao wakaacha kuwarushia, na sehemu ya ubongo inayohusika na maumivu ya mwili ikawaka kwa kutengwa na watu wasiowajua. Wewe unataka kutengwa na shangazi zako wa damu tisa kwa mkupuo.

Baki kwenye la familia, la mtaa na la msiba. Sita yaliyobaki yafunge sauti mwaka mzima, usijitoe, maana ukijitoa linatokea neno "amejitoa" na admini anakurudisha mbele ya watu wote na kukuuliza kulikoni.